Kona ya Tisa

Kupanda Vršič hakuna ushujaa.
Gia ya pili, injini inakoroma, unafika.
Kushuka ndiyo ngoma:
kona ishirini na nne hadi Kranjska Gora,
kila moja na namba yake kama mfungwa,
zimesakafiwa mawe ya mraba
yanayoteleza yakinusa tu mvua.

Miaka tisa nimeshusha jibini ya kondoo
kwa breki ambazo gari lilizaliwa nazo.
Na kila safari, kona ya tisa,
pedali ilizama chini ya kiatu changu
polepole, kama mtu anayekubali asichokiamini,
na harufu ya kuungua ikaingia kwenye mzigo.
Mpishi wa hoteli aliuliza siku moja:
"Hii mmeikausha kwa moshi?"
Nikasema ndiyo. Akaongeza euro mbili.

Nikaanza kuulizia.
Ožbej wa zimamoto: weka za kampuni, ukome hapo,
aliyeliunda gari alijua uzito wake.
Nikamjibu hakujua uzito wa jibini.
Lojzka, anayehamisha mizinga ya nyuki,
alinunua diski za matundu kwa bei ya kutupa;
kiangazi hakijaisha zikachora nyufa
toka tundu hadi tundu, kama njia za sisimizi.
Mwanawe Brikcij akafunga pedi za mashindano:
zikiwa baridi hazikamati, zikipata moto haziachi,
na alfajiri zinalia
hadi mbwa wa bonde zima wanaitikia.

Mimi nikachukua za katikati,
diski zenye mifereji, pedi za wastani,
na karatasi ya maelekezo
kwa lugha kumi na moja, yangu haimo.
Tilen nilimtajia nusu ya bei.

Fundi Jerica akafungua magurudumu.
Diski kuukuu akaniwekea mkononi:
nyembamba, imeota mdomo ukingoni,
zambarau iliyoungua.
"Hii," akasema, "ndiyo uliyokuwa ukiiamini."
Leo inazuia mlango wa ghala usijifunge.
Kazi yake haijaisahau.

Akanionya: usizikanyage kwa hasira.
Diski na pedi ni maharusi, hawajajuana.
Wape fungate ya kilomita mia tatu.
Tafuta tambarare, shuka toka themanini hadi ishirini,
mara kumi, usisimame kabisa,
kisha upepo peke yake uzipoze.
Nikafanya hivyo Jumapili, barabara ya Bovec,
huku na huku kama mlevi aliyesahau kwake.
Polisi akanisimamisha.
Nilisimama vizuri mno, akarudi hatua moja.

Kisha mlima. Jumanne, ukungu.
Ya ishirini, ya kumi na tano, ya kumi.
Ya tisa.
Pedali ngumu, iko juu, pale pale nilipoiacha.
Nilikuwa nimeanza kucheka
paa dume alipotoka kwenye misonobari.

Nikakanyaga.
Gari likasimama kama lililoitwa kwa jina.
Jibini moja, kilo nne, ikanipita begani
ikabusu kioo.
Paa akanitazama, akaenda zake.

Ndipo nikakumbuka nyuma.
Kwenye kioo taa mbili zinakua,
gari jeupe la zamani, mume na mke, hema limefungwa juu,
mdomo wa mke umefunguka,
wanakuja,
bado wanakuja.

Walisimama. Kati yetu pangepita kiganja.
Labda kidole.
Harufu ile ikanifikia dirishani.
Naijua. Miaka tisa ilikuwa yangu.

Siku hizi naanza mapema kuliko zamani,
naigusa pedali mara mbili kwa wepesi, taa ziwake,
aliye nyuma apate habari.
Jerica ananicheka: umemwaga pesa zote zile
uendeshe kama mwenye breki mbovu?

Ndiyo.
Nilinunua za gari moja tu.